Maji Saba

Kijiwe chetu ni ubao juu ya mapipa mawili, ukutani kwa duka la barafu lililofungwa zamani, hapa Kismayu. Bi Kaltuma hutuuzia kahawa ya tangawizi na kutuvumilia. Asubuhi ile tulikuwa watatu, kila mmoja kachoka kwa lake: mimi, na Fuad, tumwitaye Redio kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea, na Zubeiri, tumwitaye Kadhi, ingawa chuo alikikimbia kabla ya kumaliza juzuu ya pili. Akaja Bakri. Mkono wa kulia kauvika mfuko wa nailoni, kashika kamba, na mwisho wa kamba yuko Wembe, mbwa wa kwao. Akamfunga kwenye nguzo mbali kidogo nasi, akavua mfuko, akaketi. Mbwa yule ana akili za kutisha. Mamake Bakri, Mama Saada, amesahau karibu kila kitu, na kila siku hutoka nyumbani kutafuta boti ya kwao, kisiwani Kudhaa. Wembe humfuata, akamng'ata upindo wa leso, akamvuta mpaka mlangoni. Sasa mate ya mbwa ni najisi, leso ioshwe mara saba, moja kwa mchanga. Na muoshaji ni Bakri.

— Leo basi, akasema Bakri. Boti ya Burgao yatoka saa sita. Nahodha ana mbuzi kwao, ataka mlinzi. Amchukue.

— Haye, akasema Redio. Na mama?

— Mama yuko na mke wangu. Tutamchunga wenyewe. Jana nimeosha leso tatu. Mara saba, mara saba, mara saba. Tazama vidole.

Tukatazama. Vilikuwa vimekunjamana, vyeupe.

— Wahenga walisema, akaanza Kadhi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Mbwa na jembe wapi na wapi? nikamuuliza.

— Ndiyo maana aenda zake. Jembe hawezi.

Redio akapuliza kahawa yake.

— Mimi nawaambia, yule kasoma. Ni mbwa wa askari wageni. Walipoondoka wakamsahau. Ana cheo yule.

— Nilimwokota jaani, akasema Bakri. Macho hayajafumbuka.

— Basi ni jini, akasema Kadhi. Adhana ikilia hulala, kimya. Kizingiti hakikanyagi, na hakuna mtu aliyemfunza. Jini, tena Mwislamu.

— Kama ni Mwislamu, mbona twaosha mara saba? akauliza Bakri.

— Jini ni Mwislamu. Mate ni ya mbwa.

— Hiyo umeisoma kitabu gani?

— Kikubwa.

Bi Kaltuma akacheka puani. Bakri hakucheka. Redio akaona nafasi.

— Nikwambie kweli, Bakri, usiudhike. Nduguyo Rashad, huko Ulaya, kamtia yule mbwa mtambo sikioni. Huko aliko akuona mama unamchunga vipi. Ukimpeleka Burgao, Rashad ataona mbuzi tu.

Hapo Bakri akaweka kikombe chini.

— Aone. Aone nani humkogesha, nani humlisha. Aone na haya: mama yangu huniita mwenye nyumba. Jana kaniamkia kwa heshima, kaniomba nisimtoe, ana watu wake waja kumchukua. Nikamwambia, mama, mimi Bakri. Kasema, ahsante bwana. Nimechoka, jamaani. Si kuosha tu.

Kadhi alijaribu:

— Mbwa hafi maji akiona ufuko.

— Maana yake nini hapa, Kadhi?

— Sijui. Limenijia.

Ndipo bajaji ikasimama mbele yetu. Dereva, kijana aitwaye Mahdi, si wa mtaa huu. Akatoa salamu, injini yanguruma.

— Jamaani, nisaidieni. Kuna bibi kaketi chini njia ya bandarini, juani, miguu mitupu. Nimembembeleza nimrudishe kwao, kakataa. Hapandi chombo bila Wembe. Nikamuuliza, bibi, una watoto? Kasema anaye mmoja, Wembe. Nimeuliza kila duka. Huyo Wembe ni mtoto wa nani?

Redio alitazama ndani ya kikombe. Kadhi alifungua kinywa, methali haikuja. Kule nguzoni Wembe alikuwa keshasimama, kamba imemkaza, hapigi kelele.

Bakri akainuka. Mfuko wa nailoni ukabaki ubaoni. Fundo lilikuwa limelowa mate, kwani mbwa alikuwa akilitafuna muda wote tulipokuwa tukizungumza, na Bakri akalifungua kwa vidole vitupu.

— Mkono, Bakri, akasema Kadhi taratibu.

— Naujua mkono wangu.

Akamgeukia Mahdi.

— Wembe ndiye huyu. Mpandishe, nami nipande. Bajaji yako nitaiosha mwenyewe. Mara saba.

Mahdi akamtazama mbwa, akamtazama Bakri. Akauondoa msala wake kwenye kiti cha nyuma, akauweka mapajani. Wakaenda.

Redio akatoa simu, akamwambia nahodha wa Burgao asingoje. Bi Kaltuma akatugawia kahawa iliyobaki, nusu nusu, kisha akajaza ndoo maji akaiweka karibu na mahali alipokuwa ameketi Bakri. Kadhi aliinuka akaondoka bila kuaga. Nikadhani kachukia, kwa mambo ya dini.

Akarudi na kopo la mchanga.