Malori ya Penseli Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, Mama Mtaalamu tunayemuaga leo, ndugu wageni waalikwa, hamjambo? Afya zenu njema? Mimi kwa rehema za Mungu ni mzima.

Miaka kumi na tisa nimekuwa mlinzi wa kituo hiki cha kupima matetemeko. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini Mama alinifundisha kubadilisha karatasi ya mashine kila asubuhi, na kuandika kwa penseli kando ya kila mchirizi unaochorwa ardhi ikitikisika, kitu kilichouleta. Malori ya machimbo yakipita, karatasi inachafuka, nami naandika "lori". Niliandika hivyo mpaka mkono ukazoea.

Mnalikumbuka lile tetemeko la upande wa machimbo. Tulizika, tukalia, kisha tukasema sasa ardhi imeshatua mzigo wake. Mama peke yake alikataa. Alituita watatu tuinue kabati la mafaili, na lilipokuwa juu akaachia upande wake. Jamani, kiuno changu! "Mimi nimepumzika," akasema. "Uzito wangu umekwenda wapi?" Ndivyo zilivyo nyufa za chini ya ardhi: mmoja ukikatika, huenda jirani zake wakaongezewa mzigo. Si lazima nao wakatike, na siku yenyewe anaijua Mungu, lakini tuwe macho.

Je, mimi nilikuwa macho? Wiki ya tatu baada ya tetemeko, dada yangu, fundi cherehani aliyekaa ng'ambo ya mto, alikuja kuniuliza, "Kaka, mbona vikombe vyangu vinagongana kabatini?"

Nikamjibu, "Malori hayo. Wewe nawe kwa woga!" Akacheka, akarudi kwake. Kesho yake nilikuta michirizi midogo kumi na mmoja. Nikaandika "lori" mara kumi na moja.

Mama aliporudi safari aliishika ile karatasi. "Mlinzi, machimbo yamefungwa tangu tetemeko. Lori la nani hili?" Hakungoja jibu. Ufa jirani unapita ng'ambo, basi alivuka mto, akagonga mlango baada ya mlango kuwatoa watu kwenye nyumba za mawe, na wengi wao wamekaa hapa leo. Nyumba ya dada yangu ilikuwa ya mwisho barabarani. Ardhi ilifika kabla ya Mama.

Katika ripoti yake hakunitaja. Aliandika, "Kituo kilikosea." Mama, aliyekosea ni mimi.

Mheshimiwa, umebaki ufa wa tatu, unaopita chini ya kilima cha shule. Mama alikuandikia kuomba kuta ziimarishwe, na kwa sasa watoto wasomee uwanjani. Miezi minne imepita. Mungu nimemwomba msamaha, naye ni mwingi wa huruma. Dada yangu nitamwomba wapi?

Nawashukuruni kwa kunitegea sikio. Mheshimiwa, ile barua, tunakuomba uijibu mapema.