Bwana Ngamia na Picha Ambazo Hakupiga

Marehemu kaka yangu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Ngamia, alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Februari 1952, mtoto wa kwanza wa seremala na mshonaji. Ninayesoma ni mdogo wake, mtoto wa pili na wa mwisho. Wifi yangu, mjane wake, ameniomba nisome kwa upole. Wasifu huu mlioushika mikononi ni rasimu ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na ukweli zaidi.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1970. Alikuwa na mwandiko mzuri na alijua kusema na wakubwa. Vipaji hivyo viwili vilimtosha maisha yake yote.

Mwaka 1971 aliajiriwa kukata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, na mwaka 1979 akafungua chake, vyumba viwili nyuma ya duka la mikate. Mimi wakati huo nilikuwa napiga picha za vitambulisho studio. Wazo la kalenda ya ukutani lilikuwa lake, nalo simnyimi. Wenzake walichapa maua na wachezaji mpira. Yeye alitaka ngamia na wanyama wa jangwani, Januari hadi Desemba.

Tulikwenda jangwani pamoja, siku mbili barabarani. Siku ya kwanza tu ngamia jike alimtemea mate shati zima mbele ya wafugaji, wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo marehemu hakusogelea ngamia tena. Kila safari alikaa garini, vioo juu, akisoma gazeti, na mimi nikilala kifudifudi mchangani kumngoja choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, au mbweha yule mwenye masikio makubwa kuliko kichwa. Picha ya ngamia akizaa, iliyotundikwa katika kila zahanati na kila gereji ya mji huu, niliingoja siku sita.

Kalenda ilipotoka, chini yake paliandikwa kwamba picha zote zimepigwa na Bwana Ngamia.

Nilimfuata kiwandani. Hakuinua kichwa kwenye mashine ya kukatia.

“Kaka, picha hizi ni zangu.”

“Kalenda ina nafasi ya jina moja, mdogo wangu. Na kiwanda ni changu.”

Nilipiga picha za kalenda hizo miaka kumi na tisa. Mtauliza kwa nini sikuacha. Yeye ndiye aliyekuwa na gari, na mimi nilikuwa nimeshawapenda wale wanyama.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa wana wawili. Aliwalea vizuri, na hilo nalisema kwa sauti ileile. Wifi alijua. Mwaka 1990 alichukua kalamu akaandika jina langu kwenye kalenda ya jikoni kwake, chini ya jina la mumewe. Marehemu hakugomba. Aliishusha, akatundika nyingine.

Tarehe 2 Novemba 2021 alipatwa na kiharusi akiwa kazini. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, ulimi ukawa mzito. Wifi ana maumivu ya mgongo, hawezi kuinua mtu, kwa hiyo nilihamia kwao. Miezi saba nilimlisha, nikamnyoa, nikamgeuza kitandani. Sitawadanganya kwamba ni mapenzi matupu. Nilikuwa nangoja aseme.

Jumatano tarehe 1 Juni 2022 chama cha wachapaji kilikuja nyumbani kumpa cheti cha heshima. Mwenyekiti wao, mtu mstaarabu, aliinama akamuuliza ile picha ya ngamia akizaa ilipatikanaje. Nilikuwa nimesimama upande wa mito, nimeshika kikombe chake cha maji. Kaka alinitazama muda mrefu. Wifi naye alinitazama. Kisha kaka akainua mkono wa kushoto, taratibu, akaugusisha kifuani pake.

“Mimi,” alisema.

Katika miezi saba, hakuwahi kutamka neno safi kama lile.

Wageni walipiga makofi. Nilimpa maji, akanywa. Kesho yake nilimnyoa kama kawaida, ingawa sisemi kwamba mkono wangu wenye wembe haukufikiria.

Alifariki Ijumaa tarehe 3 Juni 2022, saa nne asubuhi, kwa kiharusi cha pili. Niliyemfumba macho ni mimi.

Ameacha mjane, wana wawili, wajukuu watano, na mdogo wake wa pekee, mpiga picha.

Kaka, lala salama. Mengine yote nimekusamehe. Hili bado.