Barua ya Mwisho Kwenye Boksi la Mhandisi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, familia imemtuma mdogo wa kiume wa marehemu awasomee safari ya dada yake, naye anaomba mvumilie, maana marehemu mwenyewe aliyapitia maandishi haya akiwa kitandani, akakata kila alipoona anasifiwa bure, na akaongeza kila alipoona wivu wake umepunguzwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi jirani na soko hadi 1963, kisha sekondari ya wasichana hadi 1967, akafaulu kila somo, ila mwandiko wake ulikuwa mbaya jamani, herufi zinakimbizana kama kuku waliorushiwa jiwe, na aibu hiyo ilimkaa moyoni maisha yake yote.

Tarehe 1 Februari 1968 aliajiriwa maktaba kuu, chumba cha chini, idara ya nyaraka, akafundishwa kutengeneza karatasi zilizoharibiwa na unyevu, kwa brashi, gundi ya wanga na karatasi laini inayopitisha mwanga, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2009.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na mhandisi wa madaraja, mtu mpole asiyejua kuchemsha hata chai, ambaye alihamia na sanduku la bati lililojaa barua za mwanamke aliyemchorea michoro ya madaraja, na nyumbani kwetu mwanamke huyo hakuitwa jina lingine ila Mchora Ramani. Kila barua ilianza na nguzo na saruji, ikaishia na maneno "wako daima", kwa mwandiko wa kupendeza hasa, shemeji yetu akaapa kwamba ni mambo ya kazi tu, naye marehemu akamuuliza tangu lini saruji ikasema wako daima. Barua ziliendelea kuja, akawa anaziweka kando ya sahani ya mumewe zikiwa zimelala kifudifudi, akaliita lile sanduku mke mwenzangu, na wahenga wanaosema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, hawakumjua dada yetu, kwa sababu alishiriki kwa moyo wote na hakukonda hata kidogo.

Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1977, ambaye ni muuguzi, na mwana mwaka 1980, fundi umeme, lakini marehemu mwenyewe hakuwahi kumwandikia mumewe hata mstari mmoja, mume alipokuwa safarini walipigiana simu kwa jirani, kwa kuwa alisema hawezi kuupeleka mwandiko wake ukasimamishwe kando ya ule mwingine.

Mhandisi alifariki tarehe 2 Juni 2001, maktaba ikaziomba zile barua za sandukuni, zinazoeleza jinsi madaraja yetu yalivyojengwa, na binti akamshauri mama yake azichome yaishe, naye akakataa, akasema wivu ni wangu, madaraja ni ya watu. Sanduku lilikuwa limevujiwa na paa, hivyo akazitengeneza kwa mikono yake, akimkatalia kila aliyetaka kumsaidia, asije mtu akasema maneno fulani yamefutika kwa husuda, na wenzake wanashuhudia kwamba alilia, akatukana, akapaka gundi, na zile "wako daima" zote zikatoka safi kuliko zilivyoandikwa. Zilipopangwa kwenye boksi la maktaba, sharti lake lilikuwa moja, kwamba yeye akiwa hai zisisomwe na mtu, na Mchora Ramani aliomba mara tatu, akanyimwa mara tatu.

Mwaka 2017 alianza kuugua moyo, na Januari 2019, akiwa wodini, aliomba kalamu, akamwandikia mumewe barua ya kwanza na ya pekee, ukurasa mmoja, akimweleza kwamba paa limezibwa, kwamba koti lake bado linaning'inia nyuma ya mlango, na kwamba hajamsamehe. Alimwita mkuu wa nyaraka, ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akataka barua hiyo iwekwe juu ya zote, na yule kijana wake wa zamani akamjibu kwa heshima kwamba mama, wewe ndiye uliyetufundisha kuwa barua hupangwa kwa tarehe. Alinuna, kisha akacheka mpaka muuguzi akaja, akasema basi yake ndiyo itakuwa ya mwisho, na boksi lifungwe hapo hapo, lisiongezwe kitu.

Alifariki tarehe 3 Februari 2019, na leo asubuhi binti yake ameipeleka barua hiyo, boksi likafungwa lisipokee nyongeza, likafunguliwa kwa wasomaji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wa maktaba waliolibeba jeneza. Tunamshukuru pia Mchora Ramani, aliyeketi mstari wa pili, kwa kuwa marehemu aliagiza asikose kiti, ila kisiwe cha mbele, na tumeiona bahasha mkononi mwake. Mama, karibu maktaba usome zote, mpaka ile ya mwisho, lakini kuijibu haiwezekani tena.

Dada, neno la mwisho umelipata. Pumzika kwa amani.