Skrubu Zilizojifunza Kupiga Hodi

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Ruhusa za Majaribio ya Tiba. Wakubwa wetu wa hospitali. Nanyi wenzetu mliobanana humu karakanani:

KARIBU

Mheshimiwa, sisi mafundi wa karakana na wataalamu wa maabara ya ghorofa ya juu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa harufu ya mafuta ya mashine. Tumepiga deki tangu jana lakini imegoma kutoka. Anayekusomea risala hii ni fundi wetu mkuu, ambaye humu ndani hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mama Skrubu. Karatasi tumempa akiwa ameshasimama mbele yako, makusudi kabisa, maana angeiona mapema angekata sehemu inayomhusu. Mama, usitukazie macho. Soma.

TULIKOTOKA

Mama Skrubu amechonga skrubu za mifupa tangu karakana hii ikiwa kibanda nyuma ya chumba cha kufulia. Skrubu zake za metali ya titani hazina dosari. Lakini mfupa wa mtu hauangalii uzuri. Kwa wengi hushikana nazo vizuri. Kwa wachache huzinyamazia tu, mwisho zinalegea.

Mtaalamu wetu wa maabara, yule mrefu anayejificha nyuma ya kabati, alipoanza kumweleza habari za peptidi, Mama alimkatiza: "Mwanangu, mimi nashinda na mashine. Hebu nieleze kama binadamu."

Akamweleza kwamba peptidi ni vipande vifupi vya protini, vinavyofanana na vile ambavyo seli za kujenga mfupa zimezoea kuvishika. Ukivipachika juu ya skrubu, seli zinaitambua na kuanza kujenga juu yake.

"Ala!" akasema Mama. "Kumbe skrubu zangu zilikuwa zinaingia kwa watu bila kupiga hodi!"

Tangu siku hiyo humu hatusemi peptidi. Tunasema hodi. Hata chupa za maabara zimeandikwa hodi, na mkaguzi mmoja alituuliza kama ni jina la kampuni.

TULIPOFIKA

Haikuwa mteremko. Skrubu za kwanza tulizipaka hodi vizuri, kisha tukazitia kwenye mashine ya mvuke kuua vijidudu, kwa mazoea tu, kama tunavyofanya kwa kila chuma. Joto likaila hodi yote, na mfupa wa kondoo tuliyemjaribia haukuitika. Hadi leo mtu akiharibu kazi humu tunamwambia amepika hodi.

Tukatafuta njia ya kuua vijidudu bila joto, na hapo mambo yakanyooka. Mifupa ya kondoo waliofuata ilizishika skrubu hasa. Siku ya kuzitoa ili tupime, Mama Skrubu aling'ang'ana na bisibisi mpaka jasho likamtoka, skrubu haikutikisika. Akaigonga kidogo kwa kidole: "Basi kaa hapo hapo, mama, umeshafika." Tulishangilia hadi wauguzi wa wodi ya jirani wakaja kuuliza kama kuna mtu amejifungua. Vipimo vilivyo kwenye jalada lako vinasema hayo hayo, ila kwa maneno marefu. Kwa hiyo hatuji kwako kinyonge, mheshimiwa. Kazi tunaijua.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja. Mama, ni hapa. Vuta pumzi.

Mama Skrubu ana mdogo wake, fundi cherehani. Alivunjika paja, akafungwa skrubu, zikalegea. Akafungwa nyingine, nazo zikalegea. Zote zilichongwa na dada yake. Leo anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, ule mwingine ameuegesha juu ya kigoda. Madaktari wamemwambia waziwazi kwamba zikilegea tena, mguu hauokoleki.

Mama hupita kwake akitoka kazini, na kila akifika anaulizwa, "Dada, hodi yangu imefika wapi?"

"Inakuja," anajibu, kisha anatoka na kusimama kidogo kwenye ngazi kabla ya kwenda zake.

Alitukataza kulisema hili. "Mkimtaja ndugu yangu itaonekana nimekuja kuombea nyumba yangu." Tulimsikia, na tumekataa. Risala ni yetu sote, naye ni wetu.

OMBI

Ruhusa ya kuweka skrubu za hodi kwa binadamu iko mezani kwa kamati yako tangu mvua zilizopita. Wagonjwa ambao mifupa yao imezikataa skrubu za kawaida wamejitolea kwa hiari, wameelezwa hatari zote, na mdogo wake Mama si wa kwanza kwenye foleni. Hatuombi arushwe mbele. Tunaomba foleni ianze kutembea. Kama kamati ina swali, uliza leo, tuko wote hapa. Skrubu zenyewe ni zile pale dirishani chini ya kitambaa cheupe. Zishike upendavyo, ila zilizofungwa kwenye pakiti usizifungue, zimeshauawa vijidudu.

Mungu akuzidishie afya, mifupa yako isizijue skrubu zetu, na mkono wako uwe mwepesi kwenye kalamu. Sisi tulikukaribisha, ukaingia. Sasa ni sisi tuliosimama mlangoni kwako.

Hodi, mheshimiwa!

Ni sisi, mafundi na wataalamu wa Karakana ya Skrubu na Maabara ya Mifupa, pamoja na msomaji wetu, apende asipende.

Mama, usikae kwanza. Subiri tuitikiwe.