Jibu Lililokuta Laini Imefungwa

Benchi la nje ya saluni ya kinyozi lina mguu mmoja wa tofali, na wakaaji wake ni wale wasio na haraka ya kurudi nyumbani. Waya, mwandishi wa programu za kompyuta, ndiye aliyekuwa na haraka ndogo kuliko wote. Kwake kulikuwa kimya hata friji ilionekana mpayukaji. Jioni hiyo alikuja na kahawa yake na kesi ya kazini.

— Programu yangu inatuma swali mtandaoni, akasema, halafu inaweka saa ya kungoja jibu na kuendelea na shughuli nyingine. Saa ikiisha bila jibu, inafunga laini, inafuta swali. Safi kabisa. Sasa wateja wananijia juu, eti majibu yao yanapotea!

— Hayapotei, ndugu yangu, akasema Profesa, kinyozi aliyeiona shule kwa nje, akimnyoa mteja pale mlangoni. Yanachoka njiani. Si unajua, mchumia juani hulia kivulini?

— Panya hao! akadakia Brekidauni, dereva ambaye lori lake lilishakata roho. Nyaya zinapita chini ya ardhi, panya wanatafuna maneno. Unadhani kwa nini panya wa siku hizi ni wajanja?

— Wapi! Yanarundikwa mahali, Profesa akashusha sauti. Siku moja yatafunguliwa, mji mzima ujibiwe maswali uliyokwisha kuyasahau.

Wakaangua kicheko. Waya alichelewa kucheka.

— Na binti yako? Brekidauni akamuuliza. Bado kanuna?

— Nilimwandikia aje tuyamalize. Nikampa mpaka Ijumaa. Ijumaa ikapita, nikaifungia namba yake. Mtu mzima hangoji mlangoni kama paka, bwana.

— Umefanya la maana, akasema Profesa. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Methali ikatua, na hakuna aliyeitaka. Hata Profesa alijutia kinywa chake.

Mwanamke mmoja, aliyekuwa akimsubiri mumewe anyolewe, akamgeukia Waya.

— Samahani, kaka. Kama alijibu Jumamosi, jibu lake liko wapi?

Profesa akatazama mashine yake. Brekidauni akatazama viatu. Waya peke yake alijua, maana ndiyo kazi yake: jibu lililokuta laini imefungwa haliko popote.

Akaifungua namba, akapiga.

Brekidauni akasogea kumpa nafasi, ingawa nafasi ilikuwepo tele. Simu ikaita, ikaita.