Zima Kwanza, Mwendesha Kreni

Ndugu, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka kiwandani mkiwa bado na ovaroli zenu, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami naomba utulivu hadi neno la mwisho, hasa kwa vijana wetu walioko kule nyuma, maana najua mmekuja na hasira.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1977, akamaliza sekondari mwaka 1988, hesabu zikimpiga chenga lakini mkono wake ukiwa mwepesi kwa kila chenye mota. Mwaka 1990 aliajiriwa kiwanda cha vyuma kama mpakiaji, akapanda hadi kuendesha kreni, kwanza akiwa ameketi kwenye kibanda kule juu, na baadaye, zilipoletwa rimoti za redio, akitembea chini kando ya mzigo, rimoti ikiwa kifuani kwa mkanda.

Hapo ndipo alipopata jina la Zima Kwanza, kwani hata aliyetaka kumpa mkono aliambiwa angoje, mpaka marehemu azime rimoti, achomoe ufunguo wake, autie mfukoni, ndipo salamu ziendelee. Kila asubuhi alijaribu kitufe chekundu cha kusimamisha kabla ya kuinua chochote, na aliyekatiza chini ya mzigo wake alipewa vidonge vyake papo hapo, awe kibarua au meneja.

Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na mtunza stoo wa kiwanda hichohicho, shemeji yangu huyu mnayemwona amejikunja hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, ambao walimtania kwamba iko siku ataifungia kabatini hata rimoti ya televisheni.

Sasa nafika pale ambapo mtaa mzima umeshafika kabla yangu. Tarehe 3 Juni mwaka huu, mzigo wa mabomba ukiwa umeinuliwa usawa wa kifua, mnyororo ulijipinda, marehemu akavua rimoti, akaiweka juu ya pipa ikiwa bado inawaka, akaingia kati ya mzigo na ukuta ili aunyooshe. Shemeji yetu mchomeleaji, mume wa dada yetu wa mwisho, aliona cheche zake zinairukia ile rimoti, akainyanyua aisogeze, kidole kikagusa kitufe, mzigo ukaenda ukutani. Tangu siku hiyo ameitwa muuaji na watu wa damu yetu, dada yetu ameambiwa achague mume au ndugu zake, na hata sasa ninaposoma, mwenzetu yuko nje ya lango, anaogopa kuingia.

Marehemu alilazwa na mbavu zilizovunjika, mapafu yakaingia maambukizi, akafariki tarehe 1 Julai. Alipopata pumzi ya kusema nilikuwa kando ya kitanda, na maneno yake nayatoa kama alivyoyatoa: “Ufunguo niliuacha mimi. Miaka yote nawapigia kelele wenzangu, siku ile nikajiambia ni dakika tu. Shemeji msimguse.” Nililia, nikamkasirikia kaka yangu mwenyewe, na hasira hiyo bado haijanitoka, lakini kauli ni yake na ninaisoma mbele yenu wote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kulala nasi sebuleni, na wafanyakazi wenzake waliosimamisha kreni zote leo ili waje kumzika.

Vijana, pisheni njia langoni. Shemeji, ingia, jeneza lina nafasi moja mbele, upande wa kulia, mkabala na mtoto wake wa kwanza, na familia imekubaliana kwamba halitanyanyuliwa mpaka uishike nafasi hiyo.

Kaka, lala kwa amani, tunakuja kukubeba sote.