Maji ya Kupima: Maisha ya Elsie Nduta Njogu, Fundi wa Kucha wa Kitengela

Mchungaji, wazee, jamaa wa Entarara na jamaa wa mumewe mliotoka Bungoma, majirani wa Kitengela na mafundi wenzake na marehemu, mimi ni Wachira Njogu, kaka yake mkubwa, na leo Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025 nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yangu, jukumu ambalo nilimwomba mumewe alibebe yeye, akakataa, akasema, "Hapana shemeji, wewe ndiye umemjua tangu mwanzo." Nitakapofika mwisho mtaelewa kwa nini jibu hilo lilinishinda.

Elsie Nduta Njogu alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 huko Entarara, karibu na Loitokitok, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Mzee Bedan Njogu na mama yetu Waithera, ambaye yuko nasi hapa. Wazazi wetu walikuwa wakulima wa nyanya na vitunguu, na Nduta alikua akijua kazi ya shamba, lakini hata akiwa mdogo hakupenda kurudi nyumbani na udongo kwenye kucha, alikuwa anakaa kwenye jiwe pale nje na kijiti cha kiberiti, anasafisha moja baada ya nyingine, nasi tunamcheka.

Alisoma shule ya msingi pale pale Entarara, akamaliza darasa la nane mwaka wa 2005, akaendelea na sekondari ya wasichana Loitokitok, ambako alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 2009. Baba alitaka awe mwalimu. Yeye akataka kazi ya urembo, wakasumbuana mwaka mzima, hatimaye baba akakubali, na mwezi wa Januari 2011 Nduta akaja Kitengela kujifunza, akamaliza kozi yake mwezi wa Novemba mwaka huo huo.

Alianza kazi mwaka wa 2012 katika saluni ya mama mmoja karibu na stendi, akiosha nywele na kukata kucha, na tarehe 3 Aprili 2017 akafungua chumba chake mwenyewe, chumba kidogo chenye dirisha moja kwenye ghorofa ya kwanza, ambako wateja walipanda ngazi kutoka Isinya, Kajiado na hata Bisil kumfuata. Alikuwa na mkono mtulivu. Alijua kutengeneza kucha za bandia za akriliki na kupaka rangi ya gel, ile inayokaushwa kwa taa, na wasichana sita walijifunza kwake, akiwemo Judy, ambaye ameketi hapa mbele pamoja na familia kwa sababu sisi tumemwomba akae hapo.

Tarehe 8 Desemba 2018 alifunga ndoa hapa Kitengela na Bwana Wanyama, karani katika ofisi moja ya Kajiado, na Mungu akawajalia watoto wawili, Beverlyne aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2019, na Bedan aliyezaliwa tarehe 5 Juni 2022, jina la baba yetu, ambalo Wanyama ndiye aliyelipendekeza.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa nitasema mambo ambayo kwa kawaida hayasemwi kwenye matanga.

Mwezi wa Agosti 2023 ncha za vidole vya Nduta zilianza kupasuka na kuwasha, kope zikawa zinavimba, na kufikia Oktoba alikuwa anakohoa na kubanwa kifua hadi anashindwa kupanda ngazi za duka lake mwenyewe. Alitibiwa kama mtu wa mafua, kisha kama mtu wa nimonia. Mwezi wa Desemba akaja Entarara na watoto wiki mbili, kikohozi kikaisha kabisa, ngozi ikapona, akala akanenepa, mama akafurahi. Aliporudi Kitengela mwezi wa Januari, ndani ya siku tatu akawa mgonjwa tena. Pasaka ya 2024 ikawa vile vile, kwetu mzima, kwa mumewe mgonjwa.

Mimi nikahesabu hivyo, kwetu mzima, kwa mumewe mgonjwa, na nikamwambia mama, "Huyu mtoto kuna mtu anamlisha kitu."

Mwezi wa Mei nilikuja Kitengela nikijifanya nimekuja kutafuta spea za pampu. Wanyama alipoenda kazini niliingia jikoni kwake, nikanusa sukari, nikanusa unga, nikafunga majani ya chai kwenye bahasha, ambayo niliporudi niliyapeleka kwa mtu wa dawa za mimea kule Loitokitok ili aniambie kama yana sumu, akanitazama akasema, "Mzee, haya ni majani ya chai." Sikuridhika. Siku tatu nilizokaa kwa Wanyama sikula chakula cha nyumba hiyo, nilisema nimeshiba, na jioni ya mwisho Wanyama alisogeza sahani katikati ya meza, akaanza yeye, akaniambia taratibu, "Shemeji, kula, hata mimi nakula." Alikuwa anajua, na hakunifukuza.

Kesho yake nikaona kitabu cha mazoezi chini ya redio, nikakifungua. Kilikuwa na mwandiko wa Wanyama, tarehe moja chini ya nyingine, na mbele ya kila tarehe maneno kama haya, Jumatatu amekohoa kuanzia saa nane, Jumanne amekohoa sana, Jumapili hajakohoa. Nikasema moyoni, huyu mtu anahesabu siku za sumu yake. Nilitoka hapo hadi kwa naibu wa chifu, na ninamshukuru yule mama kwamba aliniambia nirudi na dada yangu kwanza.

Dada yangu alikataa kuja. Alinipigia simu akaniuliza, "Wachira, Jumapili mimi hukaa na nani?" Nikamwambia, na mume wako. "Na chakula cha Jumapili hupika nani?" Nikamwambia, Wanyama. "Basi fikiria," akasema, akakata.

Tarehe 9 Julai 2024 Wanyama alichukua ruhusa kazini, akampeleka kliniki moja ya Kajiado, akabeba na kile kitabu, na Daktari Otiende alikuwa mtu wa kwanza katika miezi kumi na moja kumuuliza dada yangu anafanya kazi gani. Alisoma kurasa zote. Kisha akasema, "Mama, nyumba yako haina shida, kifua chako kinakataa kazi yako." Alimweleza kwamba gel na akriliki zikigusa ngozi kabla hazijakauka, mara kwa mara, mwili unaweza kuzikataa, na mvuke na vumbi lake huingia kifuani, na mwili ukishakataa, hata kiasi kidogo tu kinatosha kuleta pumu. Kile kitabu nilichokiita cha sumu ndicho kilichomwonyesha daktari ugonjwa.

Wanyama, nimekuomba msamaha nyumbani, ukanisamehe kwa maneno mawili, lakini nilikushuku mbele za watu, basi hata msamaha nauomba mbele za watu.

Nduta alirudi dukani akaanza kushuku mahali panapostahili. Alichukua chupa ya maji ya akriliki aliyozoea kununua, yale ya kuchanganya na unga wa kucha, yanayouzwa ya kupima kutoka kwa mtungi, na kwa ukucha wake akabandua karatasi ya jina, akakuta chini yake karatasi nyingine yenye jina tofauti, na hakuna hata moja iliyoandika kilichomo. Alimrudia muuzaji akamuuliza yametengenezwa wapi, naye akamjibu, "Madam, wewe unataka kucha ama unataka historia?"

Nilimwambia aache kazi hiyo, naye daktari alimwambia hivyo. Alinijibu, "Na nikiacha, hawa wasichana watafundishwa na nani, huyo wa mtungi?" Akaacha akriliki na gel, akabaki na kukata, kusugua miguu na rangi ya kawaida, mlango wazi, na kila Jumatatu asubuhi akawafundisha wenzake. Aliwaambia wavae glovu za nitrili na wazibadilishe, wafute rangi iliyogusa ngozi ya mteja kabla ya kuwasha taa, watumie taa iliyotajwa na mtengenezaji na kwa muda wote ulioandikwa, wafunike chupa, wafungue madirisha, na kwamba maski ya hospitali haizuii mvuke. Alikuwa anawaambia, "Chupa ikikosa kujieleza, iulize. Ikikataa kujibu, iwache kwa duka." Mwaka mzima hakulazwa.

Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025 alikwenda Bisil na Judy kumwandaa Namunyak, mteja wake wa siku nyingi, aliyekuwa aolewe kesho yake, Nduta apake rangi ya miguu barazani, Judy afanye kucha za mikono upande wa pili. Upepo ukaleta vumbi, wenyeji kwa nia njema wakawaingiza wote sebuleni, wakafunga madirisha. Judy akafungua chupa ya maji ya akriliki. Nduta akainua kichwa akauliza, "Judy, hiyo umenunua wapi?" Judy akajibu, "Kwa duka, si iko na lebo?" Nduta alitoka nje haraka, lakini kifua kilikuwa kimeshafunga, dawa ya kuvuta ikampa nafuu ya dakika chache tu, Lesiamon, kaka yake bibi harusi, akamtia kwenye gari kuelekea Kajiado, Judy amemshika njia nzima, na saa tisa na dakika arobaini alasiri wahudumu waliompokea wakatuambia ametutoka. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Uchunguzi wa maiti wa Jumanne ulisema ni pumu, haukusema iliamshwa na nini. Ile chupa iko kwa polisi. Judy aliibandua karatasi mbele yetu, akakuta nyingine chini yake, akalia hadi tukamshika. Najua ilinunuliwa wapi. Nina jina mdomoni, na kwa wiki nzima limekuwa likinichoma, lakini mimi nimewahi kunusa sukari ya mtu asiye na hatia, kwa hiyo leo silitaji, nangoja majibu ya wapimaji, ila sijaacha kushuku, na nitakwenda kuyauliza majibu hayo kila juma. Mafundi mlioko hapa, Jumatatu mtafungua maduka, tafadhali geuzeni chupa zenu kwanza.

Familia inamshukuru Daktari Otiende, wahudumu waliompokea Kajiado, Lesiamon kwa mwendo wake, jamaa ya Namunyak ambao walisimamisha harusi yao kwa ajili yetu, majirani wa ploti, wenzake Wanyama kazini, na wewe Judy, tunakushukuru kwa kuwa hukumwachilia mkono.

Amemwacha mumewe Wanyama, watoto Beverlyne na Bedan, mama Waithera, na sisi ndugu zake wawili.

Pumzika, Nduta, mtoto wa mama, huko hakuna kinachokubana kifua.